Chuo, TEE, kulelewa na mzee au jumuiya: kiongozi wa kanisa Nairobi ajifunzie wapi kutumikia?

Kila makanisa yanapochagua viongozi wapya, swali ni lile lile. Kijana amepewa kuongoza vijana wenzake, mama amekuwa mweka hazina wa jumuiya, mwanamume wa makamo ameitwa awe mzee wa kanisa, na wote wanataka kujua wakajifunzie wapi kazi hii. Mmoja anaambiwa aende chuo. Mwingine anaambiwa akae karibu na mchungaji, atajionea mwenyewe. Wa tatu analipia semina ya wikendi na kurudi na cheti.

Tangu maafa ya Shakahola, ambako wafuasi wengi wa mhubiri mmoja walikufa kwa njaa, yalipofichuka Aprili 2023, swali hili limekuwa zito zaidi. Serikali iliunda jopokazi la kuangalia jinsi mashirika ya kidini yanavyosimamiwa, na ukiwa ndani ya matatu au kwa kinyozi hukosi kusikia mtu akisema kwamba asiyepita chuo asiruhusiwe kushika kipaza sauti. Naielewa hofu hiyo, na nakubali kwamba mhubiri asiyejua kusoma Maandiko ni hatari kwa watu. Lakini kujua Maandiko ni jambo moja, na kuwatumikia watu ni jambo jingine. Kuna njia zinazojenga la kwanza na kuliacha la pili mikononi mwa bahati. Anayechagua pa kujifunzia anapaswa kujua ni lipi analikosa.

Kipimo chenyewe tunacho. Katika Marko 10, Yakobo na Yohana wanaomba viti vya heshima, wale wanafunzi kumi wengine wanakasirika, na Yesu anawaita wote kumi na wawili na kuwaambia kwamba wakuu wa mataifa huwatawala watu kwa nguvu, lakini kwao isiwe hivyo. Somo lilitolewa kwa waombaji na kwa waliokasirika pia, kwa sababu wote walikuwa wanavitaka viti. Mmarekani Robert Greenleaf, aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya simu ya AT&T, aliandika mwaka 1970 kuhusu kiongozi anayeanza kwa kutumikia, na akapendekeza tumpime kwa kuwatazama wale anaowahudumia: je, wanakua, wanapata hekima na uhuru zaidi, nao wanakuwa watumishi? Mimi naongeza swali moja ambalo nitalitumia kuzilinganisha njia zote hapa: unapojifunza, ni nani anayekuona ukiwa na watu, na je, ana ruhusa ya kukuambia umekosea?

Chuo

Nairobi na viunga vyake havina upungufu wa vyuo. St. Paul's ilianza mwaka 1903 kule Frere Town, Mombasa, ikahamia Limuru mwaka 1930, na imelelewa na Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti kwa pamoja, pamoja na wengine. Karen kuna Africa International University, iliyoanza 1983 ikiwa shule ya uzamili ya theolojia ya makanisa ya kiinjili. Kwa Wakatoliki kuna Tangaza, iliyoanzishwa na mashirika ya kitawa mwaka 1986. Roysambu kuna Pan Africa Christian University, ambayo pamoja na theolojia inafundisha uongozi kama somo kamili. Na kwenye Jogoo Road kuna Carlile College ya Church Army, ambayo wainjilisti wengi wa Kianglikana wameipitia.

Faida ya chuo hailinganishwi na nyingine yoyote upande wa Maandiko. Huko mtu anafundishwa kuuliza mstari uliandikwa kwa nani, kwa nini, na ulieleweka vipi na waliousoma kwanza. Anajifunza kwamba kanisa limewahi kupotoka, na lilipotoka vipi. Kiongozi mwenye msingi huo hayumbishwi na kila nabii mpya anayebandika mabango kando ya Thika Road. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana: chuoni mtu anayeitwa mtumishi wa Mungu kila Jumapili anarudishiwa insha iliyojaa alama za makosa, tena na mwalimu wa dhehebu jingine. Anakaa dawati moja na Mmethodisti na Mpresbiteri, na anagundua kwamba ile desturi aliyodhani ni amri ya Mungu ni desturi ya parokia yake tu. Hilo peke yake hupunguza majivuno.

Upungufu wake ni kwamba mhadhiri anauona mtihani wako. Haoni jinsi unavyozungumza na mama wa usafi wa kanisa, wala unavyofanya mtu anapokupinga kwenye kamati. Unaweza kupata alama za juu kabisa katika somo la uongozi wa kutumikia na usiwahi kumtumikia mtu muhula mzima. Na katika jiji letu shahada ina heshima yake: mtu anatoka akiwa amejifunza kuosha miguu, anarudi akitarajia kiti cha mbele na kutajwa cheo chake kamili kila anapokaribishwa. Si kosa la chuo, ila ni jambo linalotokea, na kanisa linalomtuma mtu lijiandae nalo.

Kwa hiyo ukilinganisha vyuo, usiishie kwenye karo na jina. Uliza kuhusu mafunzo ya nyanjani: ni wiki ngapi, ni wapi, nani anasimamia, na je, watu waliohudumiwa wanaulizwa maoni yao? Carlile iliwahi kuweka kituo chake cha huduma ya mijini Kibera kwenyewe, ili wachungaji wa makanisa ya huko wasome wakiwa kati ya watu wao. Nakipa chuo cha namna hiyo uzito mkubwa kuliko chenye maktaba nzuri ambacho wanafunzi wake hawatoki nje ya lango hadi likizo.

TEE

Masomo ya TEE (Theological Education by Extension), yaani elimu ya theolojia inayomfuata mwanafunzi alipo, yalianzia Guatemala mwaka 1963. Seminari moja ya Wapresbiteri iliona kwamba wanaohitimu ni wachache, na wengi wao hawarudi kuchunga makanisa ya vijijini, huku wanaoyaongoza makanisa hayo kila siku wakiwa watu wazima wenye mashamba na familia, wasioweza kuja kuishi bwenini. Ikaamua kuyapeleka masomo kwao. Mpango huo ukaenea Afrika, na hapa kwetu dayosisi na madhehebu kadhaa yameutumia kuwaandaa wasomaji wa kanisa, wainjilisti na wazee.

Unasimama kwa miguu mitatu: kitabu unachokisoma nyumbani na kujibu maswali ndani yake, kikao cha kila wiki na mwelekezi, na kazi unayoendelea kuifanya kanisani kwako. Mguu wa tatu ndio unaoitofautisha TEE na masomo mengine ya posta au ya mtandaoni. Fikiria darasa la Jumamosi alasiri katika chumba cha shule ya Jumapili mtaani Kayole. Watu wanane, wengine wametoka kazini moja kwa moja, vitabu vyao vimekunjika pembe kwa kusomewa ndani ya matatu. Somo la wiki ni Wafilipi 2, Kristo kujinyenyekeza. Mwelekezi haanzi kwa kuuliza maana ya mistari. Anauliza: "Wiki hii somo hili mmelifanyia nini?" Kimya. Halafu mama mmoja wa kwaya anaeleza kwamba alikwenda kwa mwenzake waliyekosana kwa sababu ya deni la chama, akaomba msamaha ingawa bado anaamini alikuwa na haki. Mwingine anamuuliza kama lile deni limelipwa. Halijalipwa. Saa nzima iliyobaki wanazungumza kuhusu tofauti ya kunyenyekea na kukubali kudhulumiwa, na hakuna anayefungua simu.

Hapo ndipo TEE inapokishinda chuo: darasa lako ni watu wanaokujua, na wiki ijayo watakuuliza tena. Gharama yake ni ndogo, maana hulipi bweni wala huachi kazi. Lakini inategemea mwelekezi kupita kiasi. Akiwa mvivu, kikao kinakuwa cha kusoma majibu kwa sauti na kuweka alama ya vema. Na inachosha. Anayefanya kazi Industrial Area akaishi Githurai anafika nyumbani usiku, na kitabu kinasubiri. Wengi huanza kwa moto na kuacha katikati, hasa kanisa lisipowapunguzia majukumu mengine wakati wanasoma.

Kulelewa

Njia ya tatu ni ya zamani kuliko zote: kumfuata mtu. Baadhi ya makanisa ya jiji yameiwekea utaratibu. Nairobi Chapel imejulikana kwa miaka mingi kwa kuchukua vijana kama wanagenzi na kuwaweka ndani ya kazi za kanisa. Mavuno ina Mizizi, programu ya wiki 10 ya kuweka msingi wa ufuasi katika vikundi, ambayo si mafunzo ya uongozi kamili lakini huwafanya watu wazoee kuulizwa maswali magumu na wenzao. Makanisa mengi zaidi hayana programu wala jina. Kuna mzee tu anayemchukua kijana na kwenda naye.

Nitaeleza kidogo jinsi inavyofanyika, maana hapa ndipo nimeona watu wakibadilika zaidi. Mzee na kijana wameenda Hospitali Kuu ya Kenyatta saa za kutembelea wagonjwa. Mama wa kanisani amelazwa. Mzee anavuta kiti, anauliza kama amekula, anainua chupa ya chai iliyo mezani aone kama ina kitu, anauliza ni nani anabaki na watoto. Kisha anamwambia kijana aombe. Kijana anaomba kwa nguvu, anakemea, anapaza sauti, wagonjwa wa vitanda vya karibu wanageuka. Wanaaga. Wakiwa kwenye ngazi mzee anasema, bila kumtazama: "Kijana wangu, umeomba vizuri. Lakini yule mama alikuwa anataka kulala." Baadaye kidogo: "Na ile chupa ilikuwa tupu. Kesho ulete chai." Kijana anajibu, "Sawa, mzee," na kesho yake analeta chai.

Hakuna mtihani wa chuo unaoweza kulipima hilo, na hakuna kitabu kingemwambia. Mtu alimwona, akamsahihisha siku hiyo hiyo, akampa kazi ndogo ya kurekebisha.

Lakini njia hii hii ndiyo inayoharibika vibaya zaidi, na makanisa mengi hayataki kulisema hili. Mmeona kijana anayetembea nyuma ya mchungaji akimbebea Biblia, maji na leso, anayefungua mlango wa gari, anayeshika koti wakati wa mahubiri. Anaambiwa hiyo ndiyo shule ya utumishi, kwamba Elisha alimmwagia Eliya maji mikononi. Sikatai heshima kwa wachungaji, na kumsaidia mtu aliyechoka ni jambo jema. Nakataa kuiita hiyo malezi ya uongozi wa kutumikia, kwa sababu huduma yote inapanda juu kwa mtu mmoja mwenye cheo. Katika Yohana 13 maji na taulo vilishuka: mwalimu alikuwa ndiye aliyeinama. Kijana aliyetumikia wakubwa tu kwa miaka mitano anajifunza jinsi wakubwa wanavyotumikiwa, na zamu yake ikifika atatafuta wa kumbebea Biblia. Waliochaguliwa katika Matendo 6 walipewa wajane waliokuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula, na kazi hiyo ilikuwa ya kushuka, ya kila siku, yenye malalamiko.

Basi ukitaka kujua kama malezi ya kanisa lako ni mazima, angalia vitu viwili. Kwanza, mwanagenzi anatumwa kwa nani: kwa wagonjwa, kwa wafiwa, kwa watoto wa shule ya Jumapili, au kwa mchungaji peke yake? Pili, je, anaruhusiwa kuona fedha? Kanisa linalomkalisha mwanafunzi wake kwenye meza ya kuhesabu sadaka baada ya ibada, pamoja na wengine wawili, akapanga sarafu, akalinganisha na jumbe za M-Pesa, akatia sahihi kwenye daftari, linamfundisha uwajibikaji kuliko mahubiri kumi. Linalomficha daftari hilo linamfundisha pia, ila jambo jingine. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipoagiza pesa zilizotolewa na Rais katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, zirudishwe, watu wengi walizungumzia siasa. Mimi niliwaza vijana wa parokia zetu waliokuwa wakitazama, ambao labda kwa mara ya kwanza waliona kiongozi wa kanisa akikataa pesa hadharani.

Na kama mlezi mwenyewe hana anayemwuliza, hakuna baraza, hakuna wazee, hakuna askofu, usimpe mtoto wako amlee. Hili sisemi kwa ukali. Mtu asiyesahihishwa hawezi kumfundisha mwingine kusahihishwa.

Jumuiya na vyama vya kina mama

Wakatoliki wana jambo ambalo sisi wengine hatujalithamini vya kutosha. Maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao wa AMECEA, walizungumzia jumuiya ndogo ndogo za Kikristo mwaka 1973, na katika mkutano wao wa 1976 hapa Nairobi wakazifanya kuwa msingi wa kazi ya kichungaji. Leo familia kumi au ishirini za mtaa mmoja hukutana nyumbani kwa mmoja wao, viti vimeazimwa kwa jirani, Injili inasomwa, kila mmoja anasema neno lililomgusa, kisha wanapanga nani atamtembelea nani. Jumuiya huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina wake. Mfanyakazi wa nyumbani anaweza kuwa mwenyekiti wa meneja wa benki, na hapo wote wawili wanajifunza.

Kwa Waprotestanti wengi, kinachokaribia hapo ni ushirika uliotokana na uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930, ulioanzia Gahini, Rwanda, na kufika Kenya kabla ya muongo huo kwisha. Ndugu wa ushirika walikutana bila kujali nani ana daraja la kanisa na nani hana, wakatubu mbele ya wenzao, wakaambiana ukweli. Pale bado ulipo hai, ni mahali pagumu kwa mtu mwenye kiburi.

Kisha kuna kina mama. Mothers' Union ya Waanglikana, Woman's Guild ya Wapresbiteri, Chama cha Wanawake Wakatoliki. Nikisema shule bora ya uongozi wa kutumikia katika makanisa mengi ya Nairobi ni chama cha kina mama, sisemi ili kuwafurahisha. Mtu akifiwa mtaani Umoja usiku, asubuhi wako mlangoni, mmoja anaandika michango, mwingine anapika, mwingine amekaa tu na mjane bila kusema. Hesabu husomwa mbele ya wote. Uongozi hupokezanwa kwa muda uliowekwa. Mwanamke aliyepita humo na kushika wadhifa amepata mafunzo ambayo wanaume wengi wa kamati ya ujenzi hawajayaonja. Kinachokosekana ni masomo ya kina ya Maandiko, na katika makanisa fulani mlango wa kwenda mbele zaidi. Kwa mwanamke wa namna hii, chuo kina maana kubwa: utumishi anao tayari, na shahada humpa sauti mezani ambapo sauti yake ilikuwa inapitwa.

Semina

Zina kazi yake. Zinatia moyo, zinakutanisha watu, na ukimpata mkufunzi mzuri wa hesabu za kanisa au ulinzi wa watoto unatoka na kitu cha kutumia Jumatatu. Ila hakuna anayekuona ukifanya kazi. Usiziweke kwenye mizani moja na hizi nyingine, wala usimpe mtu uongozi kwa sababu ya vyeti vyake vya semina.

Ukizipanga pamoja

Kwa muda na fedha, chuo ndicho kizito: cheti kwa kawaida mwaka mmoja, diploma miwili, shahada mitatu au minne, pamoja na nauli na chakula. TEE huchukua miaka pia, lakini ni ya jioni na Jumamosi. Kulelewa na jumuiya hazina karo, ila zinadai muda wa mtu mwingine, na muda wa mzee mzuri Nairobi ni adimu kuliko pesa.

Kwa kina cha Maandiko, chuo kiko mbele, TEE inafuata, malezi na jumuiya zinategemea aliyepo. Kwa kuonwa na kusahihishwa, mpangilio unageuka juu chini.

Kama mzigo wako ni kufundisha na kuhubiri, nenda chuo, lakini usiende kabla hujakaa angalau mwaka chini ya mtu anayekutuma hospitalini na kukuhoji ukirudi. Kama wewe ni mzee wa kanisa, msomaji au kiongozi wa vijana mwenye kazi na familia, chukua TEE na umwombe mtu mmoja akulee. Usisubiri kanisa lianzishe programu. Kama unajua Maandiko vizuri lakini watu wanakuogopa, au wanakukwepa, chuo kingine hakitakusaidia. Omba nafasi isiyo na heshima: jikoni siku ya mazishi, shule ya Jumapili ya watoto wa miaka mitatu, na ukae humo mpaka uzoeleke. Na kama kanisa lako halina mtu wa kukulea, katafute jumuiya au ushirika wa mtaa wako, hata kama ni wa dhehebu jingine.

Kwa kamati zenye bajeti ya kumsomesha mtu mmoja shahada, ningeomba mfikirie kugawa fedha hizo: wanane TEE, na mmoja wao, yule ambaye wenzake na watu anaowahudumia watamtaja baada ya mwaka, ndiye apelekwe chuo. Vyuo vingi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, kwa hiyo nafasi haitapotea. Kabla hajaenda, andikeni kwenye kumbukumbu za kikao ni mzee gani atakayemtembelea kila muhula, na ni kazi gani ya kushuka atakayoendelea nayo wikendi anapokuwa nyumbani.